Pamba, Sufu, Sungura na Kifua cha Mama Ambokile

Neema, ambaye sasa anakaa kwenye meza yangu ya kuchanganyia, ndiye aliyenituma niandike haya. Siku ya kuagana aliniambia, "Mama Lugano, ukiondoka na hayo yote kichwani, sisi huku tutabaki kubahatisha." Nimestaafu, nimerudi Ihanda kwenye mibuni yangu, na mvua ya wiki hii imenifungia ndani. Basi naandika. Nani alipewa cheo gani na lini, hayo mwulizeni mwingine. Mimi ninachokumbuka ni nyuzi, na watu waliozisokota.

Nilifika mji wa Mpemba, karibu na Tunduma, nikiwa mjane, ninajua kufuma masweta kwa sindano mbili na si zaidi. Karakana yenyewe ilikuwa ghala la mahindi lililoachwa, nyuma kidogo ya barabara kuu, malori ya kwenda mpakani yakinguruma mchana kutwa. Aliyetusimamia alikuwa Fundi Simbeye, Mnamwanga wa Tunduma ambaye nusu ya ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Vitanda vya kufumia alivitengeneza mwenyewe kwa mbao na vyuma vya malori mabovu, na kila kitanda kilikuwa na mlio wake. Ungeweza kukaa nje ukajua nani anafuma na nani anapiga soga.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Ambokile, mwanamke wa Kindali kutoka Ibaba, mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili kinachopanda na kushuka kama njia za kwao. Sufu tuliyotumia ilitoka kwa kondoo wa ukoo wake huko milimani. Sungura wa manyoya marefu pia walikuwa wake. Mbegu yao alikuwa ameipata kwa mtu aliyetoka Kenya, akawazalisha kwenye vibanda nyuma ya karakana. Siku za kazi alilala Mpemba, Jumamosi alipanda gari kurudi kwao, na Jumatatu asubuhi alikuwa amesharudi kabla yetu sote.

Siku yangu ya kwanza aliniambia nifumbe macho, akaniwekea kitu kiganjani.

"Umeshika nini?"

"Sijashika kitu, mama."

"Umeshika sungura."

Nikafumbua macho, nikaona kishungi cheupe cha manyoya, chepesi kiasi kwamba mkono haukujua kama umebeba mzigo. Hapo hapo nikapiga chafya. Kishungi kikaruka, na pamoja nacho rundo zima alilokuwa amelichana tangu asubuhi, likapanda mpaka kwenye kenchi za paa. Mama Ambokile aliangalia juu kwa muda, kisha akaniangalia mimi. "Ngazi iko pale," alisema. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi.

Wakati huo tulikuwa tunachanganya sufu na manyoya ya sungura peke yake, bila pamba. Kitambaa kilikuwa laini, kizuri kwa macho, na tulijiona tumefika. Shali ya kwanza ya namna hiyo ilinunuliwa na mke wa mchungaji mmoja. Jumapili wakaenda kanisani wamekaa bega kwa bega kwenye gari, na mchungaji akapanda mimbarini na koti jeusi lililoota mvi upande mmoja. Waumini walisikiliza mahubiri, lakini macho yote yalikuwa begani. Jumatatu shali ilirudishwa kwa adabu, imefungwa kwenye gazeti.

Mama Ambokile alifumua uzi mmoja wa shali, akauvuta taratibu mbele yangu. Manyoya yalichomoka kama yamepakwa sabuni.

"Sungura anateleza," alisema. "Sufu inamshika, lakini haimfungi. Tutafute wa kumfunga."

Wa kumfunga akawa pamba. Tuliipata kutoka bondeni Momba, tukaanza kujaribu. Tulijaribu nusu kwa nusu, tukapata kitu kizito kama gunia. Tulijaribu pamba kidogo, mvi zikarudi. Mwishowe tukatulia kwenye mafungu sita ya pamba, matatu ya sufu na moja la sungura, na mpaka leo ndiyo desturi ya pale, ingawa Neema ataona kuna miezi ambayo pamba ni chafu na fungu lazima liongezwe.

Niseme kidogo jinsi inavyofanyika, maana watu hudhani kuchanganya ni kukoroga. Sufu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, ukiikandamiza tu. Ukiifikicha kama unavyofua shati, itashikamana iwe mkeka. Ikikauka unaikata katikati, kwa sababu ni ndefu kuliko pamba, na usipoikata brashi za kuchania zitaichukua yenyewe na kuiacha pamba nyuma. Pamba unaitoa mbegu, unaichapa kwa fimbo mpaka iumuke. Manyoya ya sungura humkwanyui mnyama; unamsubiri mpaka yalegee yenyewe, unamchana akiwa mapajani, naye huwa anasinzia. Kisha unatandaza mezani: pamba chini, juu yake sufu, juu yake sungura, halafu pamba tena, kama unatandika kitanda. Ukishamaliza, huchoti kutoka juu. Unachota kutoka ubavuni, ili kila konzi iwe na tabaka zote. Unapitisha kwenye brashi mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu ndipo rangi inakuwa moja. Hapo unaweza kusokota.

Kitambaa kile hakikuwasha, hakikuacha mvi, na kilihifadhi joto bila kumtoa mtu jasho. Wanawake wa Nakonde walianza kuvuka kuja kukigusa. "Natotela sana, ba mayo," asante sana, mama, walikuwa wakimwambia Mama Ambokile kwa Kibemba, naye akiwajibu kwa Kindali, na biashara ikaenda bila shida yoyote.

Sasa nifike kwenye mwaka uliotutia hofu.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha alipokuja muuguzi mmoja kutoka zahanati ya milimani Ileje. Alikuwa ameona shali yetu kwa mtu. Akatueleza kwamba kwake kuna watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, wadogo sana, na baridi ya Juni na Julai huwamaliza. Mablanketi ya pamba tupu yanapata unyevu na kupoa. Yale ya dukani yanawatoa jasho, kisha jasho linawapoza. Alitaka mablanketi madogo, mepesi, ya kumfunika mtoto akiwa kifuani kwa mama yake. Aliyataka kabla baridi haijakaza.

Mama Ambokile alimwuliza swali moja tu. "Wanakufa wangapi?"

Muuguzi hakujibu kwa namba. Alisema, "Mmoja ni wengi, mama."

Tukakubali. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeshaanza, na manyoya ya sungura yalikuwa yanapeperuka hata kabla hayajafika mezani. Kwa hiyo tukafunga madirisha. Tukaziba na nyufa kwa magunia. Ndani kukawa na ukungu mweupe, na tukiutazama kwenye mwanga wa mlango tulikuwa tunasema kwamba ni ishara ya kazi kwenda vizuri.

Kikohozi cha Mama Ambokile kilianza hapo. Kwanza kikavu, cha kusafisha koo. Halafu kikawa cha kumkunja. Ijumaa kilikuwa kibaya kuliko Jumatano, na Jumatatu alikuja mzima, ikifika jioni anakohoa vile vile. Niliona hilo, lakini sikujua nimeona nini. Wenzetu nao waliona mambo yao. Wawili waliacha kunywa kwa kikombe alichotumia. Mmoja alihamisha kiti chake akisema anafuata mwanga. Sokoni Mpemba likapita neno kwamba pale kwa wafumaji kuna kifua kikuu, na wateja wakaanza kusimama barabarani na kuita badala ya kuingia.

Siku moja nilimfuata kwenye mabeseni ya kuoshea sufu, tukiwa wawili.

"Mama Ambokile, twende hospitali. Nitakusindikiza."

Aliendelea kukandamiza sufu. "Unajua marehemu mume wangu alifanya kazi gani?"

"Machimbo ya shaba, Zambia."

"Alirudi na kikohozi hiki hiki. Kikavu. Halafu kikaja na filimbi kifuani. Halafu akawa hawezi kupanda kutoka mtoni mpaka nyumbani bila kukaa." Alinyanyua mikono, maji yakachuruzika. "Hii njia naijua, Mama Lugano. Nimemsindikiza mtu mpaka mwisho wake. Nikienda hospitali wataniambia ninachokijua, na wataniondoa kwenye meza. Acha nimalize haya mablanketi ya watoto."

"Na watoto wako wewe?"

"Wangu ni wakubwa. Wana masweta."

Kusema kweli na mimi niliamini kwamba anakufa, na kila alipoinama juu ya meza nilikuwa nayatazama mabega yake yakipanda.

Halafu ikaja asubuhi aliyoshindwa kumaliza sentensi. Alikuwa ananiambia kitu kuhusu pamba, neno likakatika katikati, akashika ukingo wa meza. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwita Fundi Simbeye, akaja mbio na gundi mikononi, akambeba kama mtoto mpaka barabarani ambako binamu yake alikuwa amesimamisha pikapu.

Barabara ilikuwa imefungana. Malori yalikuwa yamepangana kutoka mpakani mpaka huku kwetu, mengine yamepaki sambamba, hakuna pa kupita. Simbeye alishuka, akatangulia mbele ya gari kwa miguu, akigonga mlango wa lori moja baada ya jingine na kuongea na madereva kwa Kibemba, "Mukwai, tulelomba inshila." Tunaomba njia. Alikuwa haongezi sauti. Na wale watu, ambao wengine walikuwa wamelala kwenye foleni ile siku nyingi, waliwasha injini na kusogea, mmoja mmoja, huku nikiwa nyuma ya pikapu nimemwegemeza Mama Ambokile kifuani kwangu na kusikia ile filimbi.

Hospitali walimpokea haraka. Wakamvisha barakoa yenye mvuke wa dawa, na baada ya muda rangi ikaanza kumrudia. Wakachukua makohozi, wakapiga picha ya kifua. Kisha tukasubiri majibu. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido. Simbeye alishindwa kukaa. Alisoma matangazo yote ya ukutani, ya chanjo, ya kunawa mikono, ya uzazi wa mpango, akarudi kuyasoma upya.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na haraka. Alituita tukiwa pamoja kwa sababu Mama Ambokile alikataa kusikia peke yake. Hakuanza na majibu, alianza na maswali. Unafanya kazi gani, mama? Chumba kina madirisha? Yanafunguliwa? Halafu akauliza, "Na Jumapili unakuwaje?"

"Jumapili niko kwetu Ibaba."

"Unakohoa?"

Mama Ambokile alifikiri. "Jumapili naimba kwaya," alisema, kama mtu aliyejishtukia.

Daktari alinyanyua ile picha kwenye mwanga. "Huna kifua kikuu, mama. Na huu si ugonjwa wa mume wako. Yeye aliingiza vumbi la mawe, na lile halitoki. Kifua chako kimeyakataa manyoya na vumbi la pamba. Ni aina ya pumu inayoletwa na kazi. Ukikaa mbali na vumbi hilo, na ukitumia dawa hii ya kuvuta, utaendelea na maisha yako."

"Rudia," Mama Ambokile alisema.

Daktari akarudia.

"Rudia tena hapo kwa mume wangu."

"Si ugonjwa wa mume wako."

Alijifunika uso kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika. Nilimshika nikidhani analia. Nilipoinua ukingo wa khanga nikakuta anacheka na machozi yanatiririka, na anajisemea kitu kwa Kindali ambacho sikukielewa na sikumwuliza. Simbeye alikuwa ametoka. Tulimkuta nje anafuta kioo cha mbele cha pikapu kwa kitambaa, anakifuta na kukifuta, na kilikuwa safi tangu zamani.

Kikao cha wafumaji kilichofuata kilikuwa kigumu. Baadhi walisema sungura wauzwe wote, turudi kwenye pamba na sufu. Mama Ambokile alikuwa amekuja, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango kwa sababu amekatazwa kuingia, tukawa tunamsikia bila kumwona vizuri.

"Mnataka kuwafukuza sungura kwa kifua changu?" aliuliza. "Sungura hawakufunga madirisha. Tuliofunga ni sisi."

Hakuna aliyebisha. Yule aliyekuwa amehamisha kiti alitoka nje akampelekea chai, kwenye kikombe ambacho alikuwa amekinywea yeye mwenyewe kwanza, mbele yetu sote.

Wiki ile Simbeye alichukua nyundo akabomoa kipande kizima cha ukuta, akajenga baraza yenye ukuta mfupi na mikeka ya kukinga upepo, na kazi yote ya kuchana ikahamia huko. Tukaanza kunyunyizia nyuzi maji yenye mafuta kidogo kabla ya kuzitandaza, ili zisiruke. Tukaacha ufagio, tukashika tambara bichi. Tukashona barakoa za pamba yetu wenyewe, nzito, na wanaolalamika kwamba zina joto nawajua kwa majina. Neema, usiwasikilize.

Mama Ambokile akahamia uani kwenye masufuria ya rangi, anachemsha maganda ya vitunguu na maganda ya kahawa, hewa ikimpitia pande zote. Meza ikabaki kwangu, na mablanketi hatukuwa tumefika hata nusu.

Mchanganyiko wangu wa kwanza bila yeye ulikuwa aibu. Nyuzi zilikatika kwenye mtande, zile zinazotangulia kuvutwa kwenye kitanda kabla hujaanza kufuma. Zikakatika asubuhi, zikakatika mchana. Nilibadilisha pamba, nikabadilisha kiti, nikailaumu hali ya hewa. Mwishowe nilichukua fungu la uzi uliokwisha kuoshwa, ambao hauna vumbi, nikampelekea uani.

Aliushika, akaulegeza, uzi ukajikunja wenyewe vifundo vifundo.

"Sungura umempunguza," alisema.

"Kidogo."

"Na umesokota kwa hasira. Tazama, umeunyonga. Unamwadhibu mnyama kwa sababu yangu." Alinirudishia. "Mimi nimepona, Mama Lugano. Mwache naye apumue."

Nilirudi mezani, nikarudisha fungu la sungura kama lilivyokuwa, nikasokota kwa mkono uliolegea. Uzi ulishika. Tulipomaliza kufuma tukafua kila blanketi kwa maji ya uvuguvugu, tukalikung'uta, tukalisugua kwenye kitambaa cheusi, na lililoacha hata unywele mmoja tulilifua upya. Hayo hatukuhitaji kufundishwa na mtu. Tulikuwa tumeshamwona mchungaji.

Tulipanda Ileje na mzigo ule baridi ikiwa imeshaingia, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Yule muuguzi alinichukua mpaka chumba cha ndani. Kulikuwa na binti amekaa kitandani, kijana sana, na kifuani kwake, chini ya khanga, kichanga ambacho kichwa chake kingeenea kiganjani. Muuguzi alifunika blanketi letu juu ya khanga, akaacha uso wazi.

"Ni jepesi," yule binti alisema. "Nilidhani hujaweka kitu."

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Nilikuwa nakitazama kile kifua kidogo. Mwaka ule nilikuwa nimejifunza kutazama vifua. Kilipanda, kikashuka, kikapanda, bila haraka, na muuguzi akanigusa bega akaniambia, "Yuko salama, mama. Njoo unywe chai."

Baridi ile ilipopita alituma ujumbe. Walioletwa wodini wakiwa wadogo walirudi kwao wote. Simbeye alisoma ujumbe ule kwa sauti mbele ya vitanda vyote, akaingia chumba chake na kufunga mlango.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi, na kazi ikienda vizuri haina mengi ya kusimulia. Mama Ambokile alikaa kwenye rangi mpaka alipoamua mwenyewe kurudi Ibaba. Mimi kabla ya kukabidhi meza nilikwenda kupima kifua, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi. Nilipiga picha ile nikiwa na wasiwasi, maana nilikuwa nimekaa na manyoya yale muda mrefu kuliko yeye. Daktari, kijana mgeni, aliitazama akaniambia ni safi, kisha akaita anayefuata. Kwake ilikuwa kazi ya kawaida. Mimi nilitoka, nikakaa kwenye ngazi za hospitali, nikavuta pumzi ndefu na kuiachia, nikafanya hivyo mara kadhaa bila kujali nani ananitazama.

Mwezi uliopita nilikwenda Ibaba kumtembelea Mama Ambokile. Nilimkuta mtoni anaosha mboga, mzee sasa, mkavu kuliko zamani. Alijitwika beseni kichwani, tukaanza kupanda kwenda nyumbani kwake. Alinieleza habari za wajukuu, za kondoo, za jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, za kwaya ambayo imeharibika tangu vijana walete kinanda. Hakukatisha sentensi hata moja. Tulipofika kwenye kona ambako mlima unasimama wima, mimi ndiye niliyemwomba tukae kidogo.